Mafuta kwenye ini na sukari ya asubuhi: yaliyonikuta mimi na lishe ya mafuta mengi

Mleta mada, pole sana. Swali lako nimelisoma mara mbili jana usiku baada ya kufunga mgahawa. Nimeona nikujibu kwa kirefu, maana majibu yaliyotangulia yamekuvuta huku na huku na hakuna aliyekueleza sababu. Umesema una miaka 38, pombe hunywi, ultrasound imeonyesha ini lina mafuta na sukari yako kabla ya kula ni 6.4 (mmol/L). Mfanyakazi mwenzako anasema acha wanga kabisa, kula nyama, siagi na mayai, mafuta yatachoma mafuta. Dada yako anasema usiguse hata tone la mafuta. Unauliza umsikilize nani.

Mimi nimeishi njia zote mbili, mdogo wangu. Nina miaka 51, niko Mbeya, nina mgahawa mdogo karibu na stendi na mafuta ya kula nanunua kwa ndoo. Si daktari. Binti yangu anasoma uuguzi, na tafiti nitakazozitaja hapa tulizisoma pamoja usiku, yeye akinifafanulia neno moja moja, kwa sababu nilikuwa nimechoka kuambiwa "punguza mafuta" bila kujua ni mafuta gani na yanafika vipi huko kwenye ini.

Mwezi wa tatu 2022 nilikwenda kupima kwa sababu ya uchovu. Nikila mchana, saa nane macho yanafunga yenyewe nikiwa nimesimama jikoni. Shingo nayo ilikuwa imeingia weusi, ngozi nene kidogo, laini kama kitambaa cha mahameli. Nilikuwa naisugua kwa dodoki na sabuni ya mche nikidhani ni jasho na moshi wa jiko. Kumbe weusi ule ni ishara ya insulini iliyozidi mwilini, unatokea shingoni na kwapani. Daktari aliniona tu nilipoketi, akaniandikia kipimo cha sukari na ultrasound siku hiyo hiyo.

Yule wa ultrasound alikuwa mtu mwema. Alinigeuzia kioo nione. Akaniwekea ini na figo kwenye picha moja, akasema, "Mama, hivi viwili vinatakiwa vifanane rangi." Figo langu lilikuwa la kijivu cha kukolea. Ini lilikuwa jeupe, linang'aa kama ukungu wa asubuhi. Mafuta ndiyo yanayorudisha yale mawimbi ya sauti, ndiyo maana linang'aa. Gredi ya kwanza, yaani mafuta bado ni kidogo. Sukari 6.7, uzito kilo 84, kiuno sentimita 104. Pombe sijawahi kuonja maishani.

Nikaingia kwenye lishe ya mafuta mengi. Naomba niwe mkweli hapa, maana wengi humu wanaishambulia bila kuijaribu: ilifanya kazi. Asubuhi mayai manne kwa siagi, mchana supu ya kongoro, jioni nyama na kabichi iliyokaangwa kwa samli, na parachichi la Rungwe kila siku. Ugali hakuna, wali hakuna, chai haina sukari. Miezi mitatu nilishuka hadi kilo 78 na sukari ikafika 5.8. Usingizi wa mchana ulikata ndani ya wiki mbili.

Halafu tukapata msiba Tukuyu. Siku tano msibani unakula kinachopikwa, na kilichopikwa ni wali, maharage, na chai ya sukari. Niliporudi nyumbani wanga ulikuwa umerudi nao. Sikuukataa tena. Ila siagi haikuondoka, samli haikuondoka, supu ya kongoro ikawa inaliwa na chapati mbili. Yaani nilibaki na mafuta yote ya lishe mpya nikaongezea wanga wote wa lishe ya zamani. Mwezi wa kwanza 2023 nilikuwa kilo 87, sukari 6.9, ini gredi ya pili. Hapo ndipo nilipolia mbele ya daktari, na hapo ndipo tulipoanza kusoma, mimi na binti yangu.

Jambo la kwanza lililonishangaza: mafuta yaliyo kwenye ini hayatoki moja kwa moja kwenye sahani, si mengi hivyo. Kuna utafiti wa Marekani wa 2005 ambapo wagonjwa wachache wenye ini la mafuta walipewa chakula na dawa zenye alama maalumu, ili ijulikane kila mafuta yametoka wapi. Asilimia 59 yalitoka kwenye damu, yaani asidi za mafuta zilizovuja kutoka kwenye akiba ya mwili, hasa zile nyama za ziada tulizobeba. Asilimia 26 ini liliyatengeneza lenyewe kutokana na sukari na wanga. Asilimia 15 tu ndiyo iliyotoka kwenye mafuta ya chakula.

Kwa hiyo dada yako akikunyima tone la mafuta huku unakunywa soda mbili na chai ya vijiko vinne, hajagusa kile kinachotengenezwa ndani ya ini. Na ile asilimia 59 hajaigusa pia, kwa sababu hiyo inafuata kitambi, haifuati mlo wa leo.

Mbona akiba inavuja? Insulini ina kazi nyingi kuliko kushusha sukari. Mojawapo ni kuziambia seli za mafuta zitulie, zishike mafuta yake. Mtu akinenepa hadi zile seli zimejaa, na insulini imeanza kupuuzwa, mafuta yanatoka usiku na mchana kwenda kwenye damu, na ini ndilo linalopokea. Ini halina pa kuyakataa. Linayachoma kiasi, linayafunga kiasi na kuyarudisha kwenye damu kama trigliseridi, na yanayobaki linayahifadhi ndani yake. Yakipita asilimia 5 ya ini, tayari unaitwa mgonjwa wa ini la mafuta.

Sasa sehemu iliyonigusa zaidi, na ukiielewa hii utaelewa kwa nini sukari yako ya asubuhi ni 6.4 ilhali hujala kitu tangu jana saa mbili usiku. Hiyo sukari ya asubuhi imetengenezwa na ini lako. Usiku ini linatoa sukari kidogo kidogo ili ubongo usilale njaa, na insulini ndiyo inayoliambia "basi, inatosha". Ndani ya ini lililojaa, mafuta ambayo hayajamaliza kufungwa, yanaitwa daiasilgliseroli, yanaamsha kimeng'enya fulani kinachokizuia kipokezi cha insulini kufanya kazi. Kundi la Gerald Shulman wa Chuo Kikuu cha Yale ndilo lililofuatilia njia hiyo kwa miaka mingi. Kuna aina nyingine ya mafuta, seramaidi, nayo inatajwa sana kwenye usugu huu wa insulini. Matokeo yake ini halisikii tena. Linaendelea kumwaga sukari, na kongosho likiona sukari ipo linaongeza insulini.

Na kuna ubaya mwingine hapo. Insulini hutoa amri mbili kwa ini: acha kutengeneza sukari, na geuza wanga uliozidi kuwa mafuta. Ini sugu linakuwa kiziwi kwa amri ya kwanza, ila ya pili linaendelea kuisikia vizuri. Ni kama una msaidizi jikoni ukimwambia "zima jiko" hasikii, ukimwambia "ongeza mafuta" anaongeza. Na wewe kwa sababu jiko halijazimwa unazidi kupaza sauti, naye anazidi kumimina. Ndivyo insulini iliyozidi inavyozidi kulijaza ini mafuta. Niliposomewa hii nikaelewa ile shingo yangu.

Je, mafuta ya chakula hayana neno basi? Yana neno, na aina yake ina neno zaidi.

Hapa Mbeya mwezi wa sita na wa saba asubuhi kuna baridi kali. Ndoo yangu ya mafuta ya mawese ninayonunulia mgahawa huwa imeganda, nyeupe kama uji mzito, naichota kwa mwiko. Pembeni yake dumu la alizeti kutoka Singida linamiminika kama kawaida. Nimeona hivyo miaka kumi na mbili bila kujiuliza. Kinachogandisha ni mafuta yale ya kuganda (kwa Kiingereza saturated), ambayo ni karibu nusu ya mawese, na kwenye alizeti ni kama asilimia 11 tu. Siagi na samli ni zaidi ya nusu. Mafuta ya nazi yanapita asilimia 80.

Mwaka 2014 watafiti wa Uppsala, Sweden, walichapisha jaribio la vijana 39 wenye uzito wa kawaida. Wakawapa keki ndogo za kula kila siku kwa wiki saba, juu ya chakula chao. Keki zote sawa, ila kundi moja zimepikwa kwa mawese na jingine kwa alizeti. Wote waliongezeka kilo ile ile, 1.6. Lakini wa mawese ini lao ndilo lililoongezeka mafuta, na mafuta ya tumboni ndani pia, kuliko wa alizeti. Niliposikia "mawese na alizeti" nilimwambia binti yangu arudie kusoma. Watu wa Sweden wamepima ndoo zangu mbili!

Finland nao mwaka 2018 waliwalisha watu 38 wenye uzito uliozidi kalori 1,000 za ziada kila siku kwa wiki tatu. Waliokula mafuta ya kuganda (siagi, jibini, mafuta ya nazi) mafuta ya ini yalipanda kwa asilimia 55. Waliokula sukari, yaani juisi, soda na peremende, yalipanda asilimia 33. Waliokula zaidi mafuta ya maji kama ya zeituni na karanga za kizungu, asilimia 15. Na lile kundi la mafuta ya kuganda ndilo lililopata usugu wa insulini, na seramaidi kwenye damu zikapanda.

Na Ujerumani, Düsseldorf, 2017, waliwanywesha wanaume 14 wembamba na wazima mafuta ya mawese mara moja tu, mlo mmoja mzito. Ndani ya saa chache ini lao lilikuwa limeongeza mafuta kwa asilimia 35 na insulini imeanza kudharauliwa. Mwili wenye afya unayasafisha hayo. Lakini mtu anayekula chipsi mayai kila jioni haliachii ini nafasi ya kusafisha.

Watu wa pwani msinichukie. Tui la nazi lina maji mengi, si sawa na kijiko cha mafuta ya nazi. Samaki wa kupaka mara moja kwa wiki sidhani ndiye atakayekuua. Nazungumzia nazi kwenye maharage, nazi kwenye wali, nazi kwenye mboga, kila siku, na juu yake samli.

Sasa mfanyakazi mwenzako. Hajakosea kabisa. Finland hao hao mwaka 2020 waliwapa watu 10 wenye uzito mkubwa lishe ya mafuta mengi na wanga kidogo sana kwa siku sita, na mafuta ya ini yakashuka kwa asilimia 31. Siku sita! Wanga ukikatika, insulini inashuka, ini linaacha kutengeneza mafuta mapya na linaanza kuyachoma yaliyopo na kuyageuza kuwa ketoni, nishati ambayo mwili unaitumia badala ya sukari. Lakini wale watu walikuwa wanakula kalori chache kuliko mahitaji yao, na ndivyo ilivyokuwa kwangu miezi ile mitatu: nilikuwa nashiba haraka na kula kidogo bila kujua. Kilichoniponya si siagi. Kilichoniponya ni kwamba wanga na sukari viliondoka na chakula kwa jumla kilipungua. Siku viliporudi, siagi ikawa mzigo juu ya mzigo. Ndiyo maana huwa nawaambia watu, kabla hujaanza lishe hiyo jiulize utakula nini msibani, harusini, safarini na mwezi wa Ramadhani au Krismasi. Kama jibu huna, usiongeze siagi nyumbani kwako.

Safari ya pili nilianza kwa kupima chupa. Nyumbani tuko wanne. Chupa ya lita 3 ilikuwa inatuishia kwa wiki mbili. Piga hesabu: ni kama gramu 49 kwa kila mtu kwa siku, karibu kalori 440, kabla hujahesabu ugali, nyama, wala chai. Na sikuwahi kujiona mtu wa mafuta, nilikuwa namimina tu kwa macho. Nikachukua kijiko cha chakula nikakifunga kwa uzi kwenye shingo ya chupa. Mboga ya familia nzima, vijiko viwili. Kitunguu kinaiva kwa mafuta kidogo na maji kidogo, ukikifunika. Ile chupa sasa inakwenda wiki tano, nayo ni ya alizeti.

Wali wa Kyela sikuuacha, siwezi kudanganya. Nilipunguza bakuli likawa kikombe kimoja, nusu ya sahani ikawa mboga za majani na robo maharage au dagaa. Mihogo na magimbi ya kuchemsha badala ya maandazi asubuhi. Sukari kwenye chai ilitoka kabisa, soda pia, na hata juisi ya matunda, kwa sababu fruktosi, ile sukari iliyo kwenye matunda na kwenye sukari ya mezani, inaingia kwenye ini bila breki na kugeuzwa mafuta kirahisi. Tunda lenyewe nakula. Mtindi usio na sukari nakunywa. Chakula cha usiku nikakirudisha saa kumi na mbili na nusu, na kutoka hapo natembea kwa miguu dakika arobaini na jirani yangu, siku tano kwa wiki. Mazoezi hupunguza mafuta ya ini hata mizani isiposogea, kwa sababu misuli inachukua sukari ambayo ingeishia kwenye ini.

Wiki ya tatu sukari ya asubuhi ilikuwa 6.1, wakati uzito ulikuwa umeshuka kilo mbili tu. Nilidhani kipimo kina hitilafu. Kumbe ini ndilo linalotangulia kutoa mafuta. Profesa Roy Taylor wa Newcastle, Uingereza, alionyesha mwaka 2011 kwa watu 11 wenye kisukari cha aina ya pili waliokula kalori 600 kwa siku chini ya uangalizi: wiki ya kwanza tu mafuta ya ini yalishuka kwa asilimia 30 na sukari ya asubuhi ikarudi kawaida. Wiki ya nane mafuta ya ini yalikuwa yametoka asilimia 12.8 hadi 2.9. Sikufanya kalori 600 mimi, na usifanye peke yako. Naitaja ili ujue ini linasamehe haraka.

Mwezi wa kumi 2023 nilikuwa kilo 77, yaani nimetoa zaidi ya sehemu moja ya kumi ya uzito. Kimeng'enya cha ALT, kinachopanda kwenye damu ini likiumia, kilitoka 61 hadi 28. Sukari 5.4. Kioo cha ultrasound kilionyesha ini na figo rangi moja, na yule kijana alinigeuzia tena nione mwenyewe. Weusi wa shingo ulichukua karibu mwaka mzima kufifia. Cuba waliwafuatilia wagonjwa 293 kwa mwaka mmoja, ripoti ikatoka 2015: waliopunguza asilimia 10 ya uzito au zaidi, 9 kati ya 10 uvimbe wa ini uliisha, na karibu nusu hata makovu yalirudi nyuma. Wewe wa miaka 38 huenda una kilo tano au sita tu za kutoa.

Kabla ya yote, rudi hospitali na uombe mambo matatu. Pima hepatitis B na C. Huku kwetu B ipo sana, na mtu anaweza kuwa na mafuta kwenye ini na virusi kwa pamoja, ukahangaika na chakula huku virusi vinakula ini. Omba ALT na mwenzake AST, na chembe sahani za damu (zile za kugandisha damu). Kwa hizo pamoja na umri wako daktari anapiga hesabu iitwayo FIB-4 kujua kama kuna dalili ya makovu. Ikionekana ipo, ndipo utatafuta kipimo cha ugumu wa ini, na kwa hilo huenda ukalazimika kwenda hospitali kubwa. Na uombe HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya miezi miwili mitatu iliyopita, maana 6.4 ya siku moja haisemi yote. Kama kuna anayesoma hapa na anatumia insulini au vidonge vya kisukari, usipunguze chakula kwa ghafla kabla hujaongea na daktari wako, sukari itashuka ikuangushe.

Nakuomba pia uwakimbie wanaokufuata inbox na unga wa kusafisha ini. Mimi nilinunua kopo moja 2022, sikuona lolote, na ini tayari lililoumia halihitaji mizizi isiyojulikana kipimo chake.

Ukipata majibu ya hepatitis na FIB-4 yaweke hapa, pamoja na kipimo cha kiuno chako na kile ulichokula jana kuanzia asubuhi, bila kuficha. Pima na chupa ya mafuta ya nyumbani: andika tarehe ya leo kwenye kifuniko kwa kalamu, na siku itakapoisha. Nitakusaidia kupiga hesabu.